Kupanga Picha kwa Vitenge

Mama mdogo aliingia Lubumbashi kwa basi, akitokea Kasumbalesa mpakani, wiki kadhaa baada ya Goma kuanguka mikononi mwa waasi. Uwanja wa ndege wa kule ulikuwa umefungwa, kwa hiyo alizunguka: Rwanda, Tanzania, Zambia, kisha kwetu. Alikuwa na mfuko mmoja wa nguo na, ndani ya kitambaa alichojifunga kiunoni, diski yenye picha zote za familia. Mumewe hakuwa naye. Alibaki nyuma kufunga ghala lao la maharage, na tangu siku hiyo simu yake haikuita tena.

Mjini kwetu kulikuwa na ofisi ya shirika linalotafuta watu waliopotezana na jamaa zao. Walitaka picha ya mumewe ya karibuni, inayoonyesha uso mzima.

Picha zilikuwa maelfu. Fundi mmoja wa Goma alizinakili siku moja kutoka simu zote za nyumba ile, na katika kunakili tarehe zilipotea. Programu iliyokuja na kompyuta yangu ilituonyesha kwamba harusi, ubatizo na matanga ya miaka mingi vyote vilifanyika Jumanne moja.

“Ile siku tulichoka kweli,” mama mdogo akasema.

Programu ya pili ilisifiwa sana na wenzangu wa kazini, kwa sababu inatambua sura. Ilinimalizia mega zote za intaneti za wiki, umeme ukakatika, ikaanza upya, na mwishowe ikatupa rundo la picha ilizodai ni za mumewe. Mama mdogo akasogeza kiti. Nusu yake zilikuwa za kaka mkubwa wa mumewe, aliyezikwa kabla ya vita.

“Toa hii kitu! Inamuweka pamoja na bantu benye kufa? Nani aliiambia kama bwana yangu alishakufa?”

“Mama, ni mashini tu. Inaona banafanana.”

“Kufanana balifanana, bote balizaliwa na mama moja. Lakini ule iko mu kaburi. Huyu, miye niko namutafuta.”

Nikaifuta.

Ya tatu ilikuwa ndogo, haijui sura ya mtu yeyote na haihitaji mtandao. Kazi yake ni moja: unaandika maneno yako chini ya picha, baadaye unayatafuta. Nilimwuliza tuanze na maneno gani, miaka, mahali au majina. Alinitazama kwa huruma.

“Hiyo kompyuta ilisomea wapi? Inaangalia mapua ya bantu. Andika kitenge!”

Alikuwa sahihi, na nilishangaa kwamba sikuliona mwenyewe. Kwetu familia haifanyi harusi wala matanga bila kuchagua kitenge kimoja, na kila ndugu akakishona. Kitenge kimoja, shughuli moja. Yeye alitaja, mimi nikaandika. Chenye picha za feni: ubatizo wa mjukuu. Cha majani ya mihogo: harusi ya binti wa mchungaji. Cha zambarau: matanga ya mama mkwe, “kilichuja mara ya kwanza kukifua, tukamutukana mwenye duka mwezi muzima.” Akiona upindo tu wa gauni nyuma ya sahani ya wali, alijua mwaka, nani alishona vibaya na nani alikataa kununua. Kazi yangu imenikutanisha na watunza kumbukumbu wengi wenye makabati ya chuma. Sijaona aliyemzidi.

Siku ya tatu akasema, “Sasa tafuta samaki za njano.” Ilikuwa harusi ya mwisho kabla vita havijafika mjini kwao. Mumewe hakupenda kupigwa picha. Katika nyingi alionekana bega tu, nyuma ya sufuria. Katika moja alikuwa amegeuka kumcheka mtu, uso mzima, shati lote samaki.

Kwenye ile ofisi ya kutafuta watu, mama aliyetupokea aliuliza picha ni ya lini. Mama mdogo akamtajia mwezi, na Jumamosi ya ngapi.

“Hana ndevu,” yule mama akaandika.

“Sasa atakuwa nazo. Na atakuwa alikonda. Muangalie masikio.”

Akaituma picha kwa wenzake; mtandao ulikwenda polepole. Mama mdogo hakuinuka kitini mpaka yule mama alipogeuza skrini kumwonyesha kwamba picha imefika.