Simu za Wanafunzi na Simu Zetu

Siku yangu ya kwanza kazini, huko Kurui, Mkuu wa Shule alinikabidhi nidhamu kabla sijapata hata kiti. "Utoro, uchelewaji na ugomvi, vyote vyako," aliniambia. Simu hakuitaja. Wakati ule, kwa mwanafunzi, simu ilikuwa kitu cha mjomba aliyeko Dar.

Nilipohamishiwa Kibaha, shule moja karibu na mtaa wa Picha ya Ndege, nikakuta kazi imegeuka. Asubuhi mstarini napekua mabegi. Simu naitoa kwenye soksi, nyingine ndani ya mkate. Mchana mzazi anakuja juu: "Sasa mwanangu nitampataje?"

"Mama, yuko darasani! Njoo utampata darasani!"

Kisha Zuhura wa kidato cha pili akaanguka kifafa kipindi cha hesabu. Mwenzake akamrekodi kwa simu aliyoificha chini ya dawati. Kabla ya mapumziko video ilikuwa imezagaa mitandaoni, na kesho yake Zuhura hakuja.

Mkuu wa Shule wa pale akafoka: "Pekua mpaka viatu!" Nikapekua. Jioni nikaenda kwao Zuhura, Tangini. Mama yake alinipokea vizuri, akanikaribisha mkekani, akaniuliza polepole:

"Mwalimu, na wewe umeiona?"

"Nimeiona."

"Umeonyeshwa na mwanafunzi?"

Nilitamani kusema ndiyo. "Hapana. Nimeikuta kwenye kundi la walimu."

Aliangalia pembeni tu.

Kwenye kikao cha walimu nikataka walimu nao waache simu ofisini saa za vipindi. Makamu akacheka. Mkuu akasema, "Mwalimu, sisi ni watu wazima."

"Aliyeituma kundini naye ni mtu mzima. Na waliocheka humo, wote wana mishahara."

Mkuu akakubali shingo upande. Simu zetu zikaanza kuwekwa kabatini, kwa manung'uniko. Nikarudi Tangini kumweleza mama yule, na wiki iliyofuata Zuhura akarudi, kakaa mbele, kimya. Alimaliza shule. Lile kabati lilidumu mpaka Mkuu alipohamishwa. Aliyekuja akasema linawadhalilisha walimu.

Sasa nimestaafu, nalima mihogo. Juzi mwalimu kijana wa nidhamu alinitembelea. "Shikamoo mama. Hawa watoto na mitandao, nitawabanaje?" Nikaanza kumweleza. Simu yake ikalia; akaitazama, akatabasamu, akaanza kuandika.

Nikanyamaza. Mpaka chai inapoa, hakuwa ametambua kwamba nimenyamaza.