Kuku kaoga kabla yangu

Leo kuku kaoga maji ya moto ya gari yangu kabla yangu mimi. Msicheke!

Ile Haisi yangu ya kulala safarini nimeifungia tangi, injini ikipata moto inachemsha na maji. Fundi? Mimi, darasa la saba! Mama alisema naharibu gari.

Asubuhi nimepanda mlima wa Ipogolo kwenye ukungu, naota tu niko Mbeya, naoga katikati ya mvuke kama niko mawinguni.

Nafika nyumbani, nafungua koki. Moto kweli!

Navua shati. Mama huyo, beseni mkononi, kuku kashachinjwa.

"Lete hayo, baba. Wageni wako njiani."

Kamwagia yote. Manyoya yakatoka kama pamba.

"Kumbe inafanya kazi," akasema.

Nimeoga ya baridi, natetemeka, natabasamu. Nani twende Mbeya? Kuku simpakii.