Mama Micro na kifo cha kapiteni

Saa nane mchana, Jumapili. Misa imekwisha, watu wamekula. Katika ukumbi wa sinema wa mbao wa Apollinaire, mtaani Vulamba, mjini Butembo, benchi zimejaa mpaka wengine wamesimama ukutani. Nje jenereta inanguruma. Ndani, mwanamke aliyejifunga kitenge cha kijani anapuliza kipaza sauti, na ukumbi unanyamaza.

Huyo ni Kaswera Florentine, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, lakini mwulizie kwa jina hilo hapa uone kama kuna atakayekuonyesha. Hapa ni Mama Micro, yaani mama wa kipaza sauti. Filamu zinasema Kifaransa, yeye anasema Kiswahili cha Butembo, na kwa kazi hiyo Apollinaire humpa faranga elfu tano kila onyesho. Ni pesa ya unga na sombe, majani ya muhogo, haizidi hapo.

Benchi la mbele ameketi mama mkwe wake, Mama Katungu, rozari mkononi. Karibu na mlango ameketi Précieuse, muuza samaki, aliyekuwa ameapa kutokanyaga tena humu. Kaswera amemwahidi Précieuse kwamba leo atatamka neno fulani, na ndilo neno ambalo mama mkwe hataki kulisikia.

Filamu yenyewe ni ya zamani mno, haina hata rangi. Msichana anayeuza kahawa kwenye kituo cha treni anampenda kapiteni, wanaoana. Vita vinamchukua kapiteni. Karatasi inakuja: amekufa. Msichana analia miaka miwili, kisha anaolewa na daktari. Vita vinakwisha, treni inasimama, na nani anashuka? Kapiteni, mzima, anamkuta kipenzi chake amebeba mtoto wa mwingine. Haya, nani asilie?

"Ile filme iko ya bazungu," anasema Kaswera, "lakini ni yetu."

Na kweli ameifanya yao. Msichana amempa jina la Mado. Theluji, ambayo hakuna aliyewahi kuiona, anaiita mvua ya mawe ya Kipese, kule milimani kwenye baridi, na watu wanajikunyata kwa baridi wasiyoisikia. Treni nayo, kwa kuwa Butembo haina reli, ni "Fuso refu lisilokata kona". Ukumbi hucheka kila mara kana kwamba ndiyo kwanza unasikia.

Lakini kuna kitu alikigeuza bila mtu kujua. Kwa Kiswahili chake, karatasi haikusema kapiteni amekufa. Ilisema amepotea.

Miaka sita iliyopita, mumewe Salomon alikwenda kuvuna kakao shambani, nje ya mji wa Beni. Siku hiyo wenye silaha walipita huko. Miili ya wengine ilipatikana, ya Salomon haikuonekana. Kaswera akakimbilia Butembo na mwanawe Jordy pamoja na mama mkwe, na tangu hapo nyumba yao haijakaa matanga.

"Bila maiti, hapana matanga," Mama Katungu alikuwa akisema. "Mutu mwenye hatujaona mwili yake, tunalia nini? Tukilia, ni sisi tunamuua."

Basi neno "amekufa" likapigwa marufuku nyumbani, na Kaswera akaibeba marufuku hiyo mpaka kwenye kipaza sauti. "Ile karatasi iliandika mort, ni kusema amekufa," anaeleza. "Mi nikaona Mama ananiangalia. Kinywa ikakataa. Nikasema amepotea."

Tazama sasa neno lilivyofanya kazi. Kama kapiteni amekufa, Mado ni mjane aliyelia akamaliza. Kama amepotea tu, Mado ni mke aliyeshindwa kungoja. Ukumbi ukamchukia kwa moyo wote. "Mwanamuke mubaya!" wakapiga kelele. "Hana haya!"

Na ulimi hauna mfupa. Jumapili moja mchekeshaji mmoja akapaza sauti: "Ule Mado iko sawa na Précieuse wa samaki!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Précieuse naye alitoka Beni. Mume wake naye alichukuliwa porini. Alingoja miaka minne, kisha akaolewa na seremala wa hapa Vulamba. Siku ile alisimama, akakaza kitenge chake, akatoka. Kesho yake, akiwa sokoni anapanga samaki kutoka Kyavinyonge, watoto wakamwita: "Mado! Mado!" Jina likaganda. Likaingia mpaka kwa wakwe zake.

"Familia ya bwana yangu ikaanza kuniuliza, ule wa kwanza akirudia, utafanya nini?" anasema Précieuse. "Mbele ya ile filme hawakuulizaka. Bwana yangu naye akaanza kunyamaza. Nikaona nyumba inavunjika juu ya filme."

Kaswera alipopata habari alikwenda kwake. "Yaya, dada yangu, mi nilikosea nini?" Précieuse alimuuliza. Kaswera alijibu: "Hata kitu. Ni mi nilikosea. Kuja Jumapili, siku ya Mungu, nitasema vile iko."

Kuahidi ni rahisi. Apollinaire hakutaka kusikia. "Batu balizoea ile," alisema. "Utawaambia ulibadanganya? Tuweke filme ya karate, biishe."

Kizito zaidi kilikuwa nyumbani. Ijumaa, wakichambua maharagwe, Kaswera alimweleza mama mkwe wake mapema, kwa heshima, ili asije akalisikia ukumbini kama mgeni.

"Ukisema vile, umemuzika mutoto yangu na kinywa yako," alisema Mama Katungu.

"Mama, mi niko nasema ya kapiteni."

"Unajua ni ya nani. Na ule kapiteni si anarudia?"

"Anarudia mu filme, Mama."

Hawakusemeshana tena mpaka Jumapili. Lakini mama mkwe alikuja, akakaa mbele, pale pale anapokaa siku zote.

Sasa Mado anafungua bahasha. Kaswera anapiga moyo konde.

"Karatasi inasema: kapiteni amekufa."

Kelele zinalipuka. "Eeh, Mama Micro! Siku zote ni amepotea!"

Anamwashiria Apollinaire asimamishe picha. Uso wa Mado unabaki ukutani, mdomo wazi. "Siku zote mi nilikuwa nabadanganya," anasema Kaswera. "Karatasi iliandika amekufa tangu mwanzo. Mado alilia bwana yake, akamaliza kulia, akaolewa. Hakumuacha mutu. Kama kuko mwanamuke mulimutukana juu ya ile filme, kosa ni yangu. Précieuse, unisamehe."

"Juu ya nini ulitudanganya?" anauliza mwanamume mmoja nyuma.

"Juu niliogopa ile neno. Bwana yangu Salomon..." Anamgeukia mama mkwe wake. "Salomon alikufa."

Kisha, kwenye benchi la mbele, Mama Katungu anaweka mikono kichwani na kutoa kilio kilichozuiwa miaka sita. "Salomon ee! Mutoto yangu ee!" Bila kuambiwa, Apollinaire anatoka kuzima jenereta, kwa maana penye kilio hapapigwi muziki. Wanawake wanashuka kwenye benchi na kukaa chini, kumzunguka mama. Wa kwanza kumfikia, akiruka miguu ya watu kutoka mlangoni, ni Précieuse. Filamu haikuisha siku hiyo, na hakuna aliyedai pesa yake.

Walikaa matanga nyumbani, Salomon akasomewa misa ya marehemu. Précieuse alileta samaki, na wanawake wakamkabidhi mwiko wa chungu kikubwa, jambo ambalo hafanyiwi mwanamke anayesemwa vibaya. Seremala wake alichonga msalaba bila kuagizwa. Sokoni, mtoto mmoja alijaribu tena kuita "Mado" na akachapwa kofi na mama yake mwenyewe.

"Niliogopa kumuua," anasema Mama Katungu kwa sauti ya chini. "Kumbe nilimunyima hata machozi. Huyu Mama Jordy alinishinda, na nimekubali."

Mvua zikipungua, Kaswera anataka kuipeleka filamu Beni, katika ukumbi wa parokia, kwa wanawake ambao waume zao hawajulikani walipo. Mama Katungu atakwenda naye, kuusimika msalaba wenye jina la Salomon. Wapo wanaomwonya kuhusu barabara na wenye silaha. "Barabara iko vile iko," anawajibu. "Tutaenda muchana, na batu wengi."

Haendi kumtangazia mtu kifo. "Hapana! Kila mutu na saa yake. Mi nitasema tu ya kapiteni, vile iliandikwa. Mwenye kutaka kulia, alie. Mwenye kungoya, angoye. Hakuna wa kumucheka."

Na yeye je, siku moja ataolewa kama Mado? Anacheka mpaka kitenge kinamlegea, kisha anafuta macho, na safari hii si kwa kicheko.

"Muniache kwanza nilie," anasema. "Mi nilichelewa kuanza."