Lesi Ilionekana, Uso Ukapotea

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, miaka ile ya tisini mwishoni, nikiwa kijana mwenye kamera ya mtumba na kiburi kipya kabisa. Nilikuwa nahudumia wazee katika nyumba moja ya kulelea hapa Marekani, Takoma Park, na kila nilipotoka zamu nilikimbilia maktaba, kwenye kompyuta za umma. Ulipewa nusu saa, kisha mwingine akae. Kurasa za wapenda kamera zilikuwa zimeanza kujaa kwenye intaneti, nami nilizichapa moja baada ya nyingine hadi nikawa na faili nene kuliko Biblia ya mchungaji. Usinicheke. Ninyi leo mnayabeba yote hayo mfukoni.

Basi Neema, binti wa kwetu Singida, akawa anaolewa Jumamosi hiyo katika kanisa letu dogo. Mama yake alinyimwa viza. Neema akanishika mkono.

"Kaka Eliya, mama hataiona harusi yangu ila kwenye picha zako. Please, usiniangushe."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nina faili.

Ukurasa mmoja ulisema ukimpiga picha bibi harusi punguza mwanga, ili lesi ya gauni isiungue ikawa weupe mtupu. Nikatii neno kwa neno, mikanda mitatu mizima ya filamu. Picha ziliporudi kutoka kusafishwa, ungeweza kuhesabu nyuzi za lesi. Lakini nyuso, mwanangu! Neema na mumewe walikuwa giza lenye meno. Duka la picha likajaribu kuzisafisha tena, ila kisichoingia kwenye mkanda hakitoki. Nililia, sikufichi.

Nikazipeleka kwa Mama Naliaka, muuguzi Mkenya aliyewahi kuendesha studio ya picha Kitale kabla ya kuja huku. Akazitazama polepole, miwani puani.

"Wewe Eliya, lesi nimeiona, iko poa sana. Kwani harusi ilikuwa ya lesi?"

Nikajitetea kwamba nilifuata mabingwa.

"Na hao mabingwa uliwaambia unapiga sura za kina nani? Wao waliandika juu ya watu wao. Hawajakukosea. Ni wewe hukuuliza, na hukuangalia mwenye amesimama mbele yako."

Yaliniuma kwa sababu yalikuwa kweli. Jumatatu nikarudi maktaba, na safari hii sikuchapa kitu. Niliandika swali kwenye ukurasa mmoja wa wapenda kamera: bibi harusi wetu ni mweusi, gauni ni jeupe, nifanyeje? Kesho yake nikakuta majibu, moja la mtu nisiyemjua hata kwa jina: pima mwanga usoni, usipime kwenye gauni, lesi ikipotea kidogo, iache ipotee.

Nikamweleza Neema yote, naye akavaa gauni lake tena. Hapakuwa na wageni wala keki, na maua yalichumwa uani kwa Mama Naliaka. Tulipiga mkanda mmoja mbele ya kanisa, mchana. Picha zikatumwa nyumbani, na wiki kadhaa baadaye barua ikaja kutoka Singida. Mama yake aliandika: "Nimeliona lile kovu la utotoni juu ya jicho. Kweli ni mwanangu."

Nawe nakuona unauliza simu yako kila kitu. Uliza, mwanangu, kuuliza si ujinga. Ila unapouliza, sema wewe ni nani na nani amesimama mbele yako, na akili za kuambiwa changanya na zako. Mungu akupe walimu wema hata usiowajua kwa sura, akujalie macho ya kuwaona watu wako kabla hujabonyeza, na popote utakapokuwa mbali, mama yako aitazame picha yako akutambue.