Sita na Moja

Tupokigwe hakuwa na neno la sabuni. Dukani alisema, "Nipe ya kufulia," na mwenye duka akamkatia kipande cha mche bila kuuliza. Neno sababu nalo hakuwa nalo, alisema kisa. Wasabato aliwaita watu wa Jumamosi. Siku nesi wa kliniki ya Makandana alipomuuliza jina la ukoo la mtoto, Tupokigwe alimgeukia binti yake Ikupa, aliyekuwa na miaka minne, akamwambia, "Mjibu nesi." Mtoto akajibu, "Mwasaba." Kalamu ikaandika, foleni ikasogea.

Mwasaba lilikuwa jina la baba mkwe wake. Kwa Wanyakyusa wa zamani mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, wala hataji jina lake, na aliyefunzwa vizuri hataji hata neno linalofanana na jina hilo. Miaka ya tisini watu wengi wa Tukuyu mjini walikuwa wameliacha jambo hili. Wachungaji walisema limepitwa na wakati na vijana walilicheka. Tupokigwe alikuwa ametoka milimani, amefunzwa na bibi yake, na hakuona nani angekuwa na mamlaka ya kumwondolea mafunzo hayo. Nimewahi kukaa na wanawake wanaoepuka maneno kwa namna hii huko Natal, Afrika Kusini, na wengine kusini mwa Ethiopia. Wote ni watu wepesi wa kufikiri. Hawana njia nyingine.

Mumewe, Jairo, alifariki mwaka 1992, lori la makaa ya mawe alilokuwa akiliendesha lilipopinduka karibu na Kiwira. Alimwachia watoto watatu na kipande cha migomba ndani ya shamba la Mzee Mwasaba. Hakuna karatasi iliyosema migomba ile ni ya Tupokigwe. Ilikuwa yake kwa muda wote ambao angeendelea kuwa mkamwana mwema wa nyumba ile, na kila mtu alijua hivyo, hasa Ezron, mdogo wa marehemu, fundi baiskeli, ambaye alikuwa akiipita migomba ile kila asubuhi na kuisifia.

Ndizi alizovuna alizichemsha na maharage na kuziuza karibu na lango la hospitali. Ilikuwa miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa ruksa. Mitumba ilishuka kwa marobota, magazeti yakawa mengi kuliko habari, na mwaka 1994 ikaja kampuni moja kutoka Dar es Salaam na mchezo wa namba. Unachagua namba sita kati ya moja na arobaini, zinaandikwa kwenye kuponi, Jumamosi droo inachezeshwa, na Jumatatu mchana basi la Mbeya linaleta gazeti lenye majibu. Wakala wa Tukuyu alikuwa Maulidi, muuza khanga na betri. Babu yake alitoka Bagamoyo. Yeye mwenyewe alizaliwa Tukuyu, na Kinyakyusa chake kilikuwa kizuri kuliko cha diwani.

Kuponi moja ilikuwa na bei ya sahani tano za ndizi na maharage. Tupokigwe aliitazama kwa wiki mbili kabla ya kumwambia Sekela, rafiki yake aliyekuwa akiteremsha viazi kutoka Isongole.

"Ina vijumba sita," alisema. "Watu sita, kila mtu kijumba chake. Bei tunagawana."

"Na tukipata?"

"Tunanunua mashine ya kusaga."

"Kwa nini tusigawane hela?"

"Ukipata hela yako utafanya nini?"

Sekela alifikiri. "Nitasaga mahindi," akasema.

Kikundi kikaanza hivyo. Sekela aliwaleta ndugu wawili wa Isongole waliolima viazi jirani naye. Ezron aliposikia akaingia bila kuitwa. Mtu wa sita alikuwa Mzee Mwasaba mwenyewe, aliyemtuma Ikupa kwa mama yake na ujumbe kwamba babu naye anataka kijumba. Mkamwana hawezi kumkatalia baba mkwe, na kwa kuwa ndiye aliyewazidi wote umri, akawa mwenyekiti papo hapo.

Kila mmoja alichagua namba yake mara moja, isibadilike. Mzee alichagua saba. Alisema hana haja ya kueleza, na ni kweli, hakuna aliyehitaji maelezo. Ezron alichukua kumi na mbili, Sekela kumi na nane, ndugu wa Isongole ishirini na tano na ishirini na tisa. Tupokigwe alichukua thelathini na nne, umri wake.

Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kununua. Ezron akataka sharti: wakala aitie kuponi ndani ya bahasha, aifunge kwa gundi na kuweka sahihi, isifunguliwe mpaka siku ya gazeti mbele ya wote. "Siyo kwamba simwamini shemeji," alisema. "Ni utaratibu tu." Wakakubali utaratibu.

Vikao vilifanyika kwenye baraza la duka la Maulidi. Mzee Mwasaba alikaa ndani, ameyaelekea mashelfu, na Tupokigwe alikaa nje nyuma ya nguzo. Kati yao alikaa Sekela. Wote wawili walisikiana vizuri kabisa, lakini kila neno lilipita kwa Sekela.

"Mwambieni aliyeko nje kwamba mvua imeharibu njia ya kwenda kisimani," Mzee aliyaambia mashelfu.

"Mvua imeharibu njia," Sekela alisema.

"Mwambieni ndaga, nashukuru, nimeiona," Tupokigwe aliiambia nguzo.

Na kila Ijumaa alikwenda kwa Maulidi na kutaja namba, akianza na ya mkubwa. "Sita na moja," alisema, na Maulidi akaandika saba. Hawakuwahi kulizungumzia jambo hilo. Maulidi alikuwa amewauzia wakamwana wa Rungwe vitu kwa miaka ishirini. Alijua mmoja aliyeita chumvi "ile nyeupe", na mwingine ambaye kwake betri zilikuwa "moto wa redio".

Mwezi wa tano mwaka 1996 Maulidi alifiwa na dada yake Kyela. Alikwenda kwenye matanga na kumwachia duka mkewe, Amna. Kuponi alimwachia mpwa wake Kheri, ambaye alikuwa na miezi miwili tangu afike kutoka Tanga, na bado alikuwa akiwauliza watu kama mvua ya Tukuyu huwa inaisha.

Ijumaa Tupokigwe alifika na hela ya kikundi.

"Taja, mama," Kheri alisema.

"Sita na moja."

Kheri akaandika sita. Akaandika moja.

"Kumi na mbili. Kumi na nane. Ishirini na tano. Ishirini na tisa. Thelathini na nne."

Kheri alihesabu kwa ncha ya kalamu. "Mama, hapa kuna saba."

Tupokigwe hakupenda kulisikia neno lile likitamkwa wazi namna hiyo, lakini aliridhika kwamba kijana ameelewa. "Hiyo hiyo," alisema. "Usiiache."

"Nasema kuna saba."

"Na mimi nimekubali."

Kheri alikuwa amelelewa asibishane na mwanamke aliyemzidi umri. Vijumba vilikuwa sita na vimeshajaa. Namba ya mwisho akaiacha nje, akaitia kuponi ndani ya bahasha, akapaka gundi, akaweka sahihi kama mjomba wake alivyoagiza. Siku ya pili akapanda gari kwenda Mbeya kupeleka vishina vya kuponi, na akabaki huko kwa shangazi yake.

Jumatatu Ezron alilisoma gazeti kwa sauti akiwa amesimama juu ya kreti la soda. Saba. Kumi na mbili. Kumi na nane. Ishirini na tano. Thelathini na nne. Arobaini.

Kila mtu akahesabu. Namba tano kati ya sita. Tangazo lililobandikwa ukutani lilionyesha zawadi ya namba tano, na Sekela alikuwa ameshaulizia bei ya mashine ya kusaga mara nyingi kiasi kwamba muuzaji wa Mbeya alimkimbia. Zawadi ile ingenunua mashine, injini yake, na bati za kuiezekea. Sekela alipiga vigelegele. Ndugu wa Isongole walishikana mikono kama watu wanaotambulishana. Kutoka ndani, Mzee Mwasaba aliyaambia mashelfu kwamba yeye alijua tangu mwanzo kuwa namba ile ina baraka.

Ezron akaichana bahasha.

Sita, moja, kumi na mbili, kumi na nane, ishirini na tano, ishirini na tisa. Zilizopata zilikuwa tatu. Zawadi ya namba tatu ilikuwa fulana moja.

"Hii siyo yetu," alisema Sekela.

"Ni ya kwetu," alisema Ezron taratibu. "Gundi ni hii, sahihi ni hii. Ila ya mzee haimo. Na ya shemeji mwenyewe haimo. Shemeji, ya kwako imekwenda wapi?"

Tupokigwe aliitazama kuponi. Aliona sita, akaona moja, na akaelewa yote kwa mara moja.

"Nilizitaja zote," alisema.

"Kuna kuponi mbili," Ezron aliwaambia wengine. "Moja nzuri ameiweka kwake, hii mbovu katuletea sisi. Ndiyo maana namba yake kaitoa hapa. Bahati mbaya kwake, namba zetu zimepata siku hiyohiyo."

"Ezron, acha," alisema Sekela.

"Basi aseme. Shemeji, ulimwambia nini yule kijana? Ulianza na namba gani?"

Ilikuwa namba moja tu iliyohitajika, na angekuwa mtu mwingine angeitaja na kurudi kwenye sufuria zake. Tupokigwe alishika nguzo. Hatua nne kutoka hapo, mgongo wa baba mkwe wake ulikuwa hautikisiki.

"Nilisema sita na moja," akasema.

Ezron alipiga makofi mara moja. "Mmesikia! Amekiri mwenyewe! Sita, na moja! Kheri kaandika alichoambiwa." Akageukia mlango. "Baba, mwizi hawezi kukaa kwenye migomba yetu. Arudi kwao milimani. Watoto ni wetu, watabaki."

Amna, aliyekuwa akikunja khanga, aliikunja ileile mara ya pili. Tupokigwe aliendelea kushika nguzo. Alikuwa ameshasema yote aliyokuwa na ruhusa ya kuyasema.

"Mwambieni arudie," Mzee aliyaambia mashelfu.

"Rudia, Mama Ikupa," alisema Sekela.

"Sita na moja."

Safari hii Mzee hakusema na Sekela.

"Ezron. Mama yako alipokuwa hai, siku ya soko, alikuwa anahesabu vipi mikungu?"

"Mikungu gani, Baba?"

"Hesabu. Kama yeye."

Ezron akaanza kwa mzaha. "Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, sita na…" Kisha akashuka kwenye kreti.

"Miaka arobaini nimelala nyumba moja na mwanamke aliyehesabu hivyo," Mzee alisema, "kwa ajili ya jina la baba yangu, ambalo ndilo langu. Nilikuwa namsikia kila siku. Sikuwahi kusikia." Alikohoa. "Mwambieni aliyeko nje kwamba hakuna aliyeiba. Mimi nilichagua namba ambayo mnunuzi wetu hawezi kuitamka, halafu nikamtuma yeye huyohuyo akaitamke. Kama kuna wa kurudi kwao, ni mimi, na mimi kwetu ni hapa. Migomba ni ya mama wa watoto. Ezron, mwambie wewe."

Ezron aliitazama nguzo. "Migomba ni yako, shemeji," alisema.

"Na mwambieni kuanzia leo namruhusu kulitaja neno hilo. Kwa namba tu."

Sekela akalipitisha. Tupokigwe alijikusanya, akaipigia magoti nguzo, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu.

"Mwambieni ndaga fijo," alisema. "Lakini mdomo umeshazoea."

Kheri aliporudi Alhamisi alieleza yaleyale, na akashangaa kwamba watu waliokwisha kuelewa wanamfanya aeleze mara tatu. Mzee Mwasaba alibadilisha namba, akachukua nane. Fulana ilipofika kutoka Dar es Salaam ilikuwa ya njano na saizi ya mtoto. Akapewa Ikupa.

Nilimkuta Tupokigwe mwaka 2002 palepale karibu na hospitali. Mzee alikuwa bado hai, na bado hawakuwa wameonana usoni. Mashine ya kusaga haikupatikana. Kampuni ilifunga ofisi mwaka uliotangulia na kuondoka bila kuaga, na kikundi, kwa kuwa kilishazoea kukutana, kiliendelea kukutana kwenye baraza lilelile kuzungumzia njia ya kisimani. Nilimuuliza walicheza kwa muda gani jumla. Alikuwa akinipakulia maharage, na alihesabu kimoyomoyo tangu 1994.

"Miaka sita," alisema, akaongeza kijiko. "Na mmoja."