Leo Niite Mama Verdiana

Simu ililia Mectilda akiwa uani kwao Endagikot, anapura maharage pamoja na mama yake. Namba ilikuwa ngeni. Kijana aliyepiga akaamkia, "Shikamoo, dada," akaitikiwa, kisha akakohoa kidogo.

"Naitwa Cyprian, nafanya kazi na Verdiana huku Arusha. Dada, hapo nyumbani upo na nani?"

Swali hilo haliulizwi kwa heri. Mectilda akaweka chini fimbo ya kupuria, akasogea hadi karibu na zizi ili mama asisikie. Cyprian akamwambia kwamba Verdiana, mdogo wake, alikuwa ameshikwa na homa ya mapafu, akalazwa, na alfajiri ile alikuwa amefariki. Mectilda akasema asante, kama mtu aliyeletewa mzigo. Kabla machozi hayajaja, likamjia wazo alilolionea aibu papo hapo: hata kifo chake, wageni wamekijua kwanza.

Wivu huo haukuzaliwa siku ile. Mectilda ndiye kifungua mimba, na kwa sababu hiyo Bi Monica, mama yao, aliitwa Mama Mectilda na kijiji kizima. Ndiye pia aliyefaulu vizuri kidato cha nne. Lakini mwaka ule mama alivunjika nyonga, nyumba ikahitaji mtu, na Mectilda akabaki na jembe na cherehani. Zamu ya Verdiana ilipofika, alikwenda chuo cha ualimu, akafundisha shule ya msingi kule Daudi. Hakuolewa. Kisha, katika umri ambao walimu wenzake walikuwa wanawaza kupeleka watoto wao sekondari, akaacha kazi akaenda Arusha kusomea kutengeneza programu za kompyuta.

"Utakaa darasani na watoto?" Mectilda alimwuliza.

"Nimeshaanza kukaa nao, dada. Wananiita shangazi."

"Wakikuuliza shangazi umefuata nini huku?"

"Nitasema nimefuata kile alichokiacha dada yangu." Verdiana alisema hivyo akicheka.

"Sikukiacha," Mectilda akasema. "Nilikaa na mama."

Programu ya kwanza ya Verdiana kuingia kazini ilikuwa ya wafugaji wa Hanang. Siku ya chanjo ya ng'ombe ikikaribia, ujumbe unaingia kwenye simu ya mwenye mifugo. Ujumbe ukaenda, wazee hawakuja. Likizo ile Verdiana alimenya viazi jikoni huku analalamika kwamba mtandao kule tambarare ni mbovu. Mectilda akaomba kuuona huo ujumbe.

"Mtandao hauna kosa," akasema. "Mzee mwenye ng'ombe zake unamwanzia na tarehe ya chanjo? Hata hujamwamkia. Mtoto asiyeamkia, nani atamsikiliza?"

Verdiana akaacha kisu, akamtazama. Aliporudi Arusha aliweka shikamoo mwanzoni mwa ujumbe wa kila mwenye umri wa kuamkiwa. Safari iliyofuata wazee walileta ng'ombe. Redio moja ikamhoji, naye akawashukuru walimu wake, wafugaji na Mwenyezi Mungu. Mectilda alisikiliza hadi mwisho akisubiri jina lake, hadi yakaanza matangazo ya mbolea.

Jumapili baada ya misa, akina mama wa jumuiya wakamzunguka mama yao. "Tumsifu Yesu Kristo, Mama Injinia."

"Milele amina," mama akaitikia, uso wote umechanua.

Mectilda alikuwa nyuma yake, amembebea kigoda. Tangu siku hiyo jina la Mama Mectilda likaanza kusikika kwa nadra, na yeye akahisi ameibiwa kitu ambacho hawezi kwenda kukidai popote. Alilipeleka jambo hilo kwenye kitubio. Padri akamwambia amwombee mdogo wake. Alimwombea kila jioni, lakini ameuma meno.

Sasa mwili ulikuwa umefika nyumbani. Katekista Nikolausi, aliyeshika ratiba ya mazishi, akaingia ndani kuuliza majina atakayoita wakati wa kutupa udongo.

"Mama nimwite nani? Watu wamezoea Mama Injinia."

"Mwite Mama Mectilda," Mectilda akajibu upesi kuliko alivyokusudia. "Ndilo jina lake."

Mama alikuwa ameketi kwenye godoro kati ya wanawake. Akainua kichwa. "Hapana, Nikolausi. Leo niite Mama Verdiana." Akamgeukia binti yake. "Wewe, mwanangu, kesho nitakuwa mama yako, na keshokutwa. Mwenzako ana leo tu."

Mectilda akatoka, akaenda nyuma ya nyumba. Hata hiyo leo tu aliionea wivu, na alijua kwamba anaionea wivu. Hapo ndipo kilio kilipomtoka, kwa mara ya kwanza tangu simu ile, akamwita Verdiana kwa jina mpaka wanawake wakaja kumshika.

Walimzika alasiri, baada ya misa. Padri alibariki kaburi, na Cyprian na wenzake wa Arusha wakashika kamba pamoja na vijana wa kijiji kuteremsha jeneza. Nikolausi akamwita Mama Verdiana. Mectilda akamshika mama mkono, akamwongoza juu ya udongo uliolegea, naye mama akatupa gao lake la udongo. Mectilda akatupa lake. Wanaume wakafukia, wakasimika msalaba wa mbao, watu wakaweka maua. Ikasaliwa sala ya marehemu, ukaimbwa wimbo mmoja, watu wakanawa mikono.