Siku Wenye Shamba Wote Walipopika

Siku ya kwanza kazini niliripoti Parkdale, mtaa wa Toronto, nimevaa suti na tai, viatu vinang'aa mpaka njiwa wakawa wanajitazama humo. Nilikuwa nimehitimu masomo ya jioni, nina cheti cha mazingira, na kichwani mwangu nilikuwa waziri. Mratibu wa shirika letu, mama mrefu kutoka magharibi mwa Ayalandi, akanitazama juu hadi chini, kisha akanikabidhi glavu na pipa la maganda ya viazi.

"Bwana Mbwambo," akasema, "karibu ofisini."

Kazi yetu ilikuwa mboji, yaani kuozesha mabaki ya jikoni kwenye majengo ya kupanga mpaka yawe udongo wa kupandia. Msicheke, vijana. Kuoza kuna kanuni. Unaweka tabaka la kijani, maganda na majani mabichi. Juu yake la kahawia, majani makavu na maboksi yaliyochanwa. Halafu unapindua ili hewa ipite. Ukizidisha kijani, harufu inafika Montreal kabla ya treni. Ukizidisha kahawia, lundo linalala usingizi wa pono. Nyama ni marufuku kwa sababu ya rakuni, wanyama ambao Toronto wana ukubwa wa ndama na akili za mawakili.

Mimi nimekulia milima ya Upare, ambako kila ganda la ndizi lilikuwa na mbuzi wake analisubiri. Nilichanganyikiwa tangu siku ile. Watu wanatupa chakula, halafu naajiriwa kukifundisha kuoza! Na Mratibu alinizidishia. Wakati wa chai alipenda kusimulia miradi ya kijijini kwao: majirani wanasafisha mto wenyewe, wanatengenezeana vitu vilivyovunjika ili visitupwe, wanapanda miti ya asili kandokando ya barabara.

"Zamani tulichimba udongo wa kinamasi, tukaukausha, tukapikia," akasema.

"Mlichoma udongo?"

"Unawaka vizuri kabisa! Sasa tumeacha. Ukikaa majini unazuia hewa chafu isipande angani. Kwa hiyo tunaziba mitaro ili kinamasi kilowe tena."

Nikajimiminia chai nyingine. Babu zangu walivunja migongo wakichimba mifereji ya kuleta maji shambani, na hawa wanasherehekea kuyafungia porini.

Kutoka Parkdale nilihamishiwa Scarborough, chini ya Msimamizi wa Mapipa, bwana asiyecheka hata ukimtekenya. Basi la kwenda huko unalipanda kijana, unashuka na mvi. Baadaye nikapelekwa Weston, na huko ndiko yalikonikuta.

Nyuma ya jengo moja la ghorofa palikuwa na kiwanja kilichojaa magodoro, matofali na makochi yaliyokufa. Wapangaji walikitaka kiwe bustani, na aliyekitaka kuliko wote ni Mama Njeri, muuguzi kutoka Nyeri. Alikuwa anaotesha sukuma wiki kwenye ndoo barazani mpaka akakatazwa. Hakuwa na udongo mwingine duniani. Meneja wa Jengo akatupa sharti moja.

"Jumamosi saa kumi jioni nakuja. Nikikuta pasafi, limeni. Nikikuta taka, Jumatatu greda linaingia, pawe maegesho ya magari."

Mratibu hakutishika. "Tutaita majirani. Kwetu kazi kubwa humalizwa na majirani kwa siku moja. Wanakuja na majembe, na mwenye shamba ndiye anayepika."

Nikaelewa mara moja, maana Upare tunao msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Ila nikauliza: "Na hapa mwenye shamba ni nani?"

"Ni kila mmoja, Bwana Mbwambo! Waambie hivyo hivyo. Shamba ni lao."

Nikagonga milango yote, nikafikisha ujumbe bila kupunguza neno: shamba ni lenu, watu waje na majembe, mwenye shamba anapika.

Jumamosi lifti zikaanza kutema watu. Walikuwa maelfu, na kama si maelfu, basi walikaribia. Mama Njeri alikuja na githeri, makande ya kwao, na chapati mlima mzima. Papa Kabeya, fundi wa magari Mkongomani, alibeba sufuria ya pondu, kisamvu cha kwao, kwa mikono miwili. Familia za Kihindi kutoka Dar zikaleta biriani. Mratibu mwenyewe akaja na sufuria ya viazi vilivyopondwa na kabichi. Jembe hata moja hakuna.

"Papa Kabeya, jembe liko wapi?"

"Jembe ya nini? Si ulisema mwenye shamba anapika? Mimi si mwenye shamba?"

"Na wewe, Mama Njeri?"

"Mzee, mimi nilijua wafanyakazi ni hao wengine."

"Wengine gani?"

Akawanyooshea kidole Wakongomani. Wakongomani wakawaonyesha Wahindi. Wahindi wakanionyesha mimi. Basi, tukala. Ungefanya nini? Saa nane taka ziko palepale, sisi tumeshiba. Mratibu alikaa kwenye kochi bovu, ameshika kichwa. "Kwetu jambo hili halijawahi kutokea," akawa anarudia.

Mama Njeri ndiye aliyesimama. Alikitazama kile kiwanja kama mtu anayeona gari likiondoka na mzigo wake.

"Papa Kabeya, chapati umekula za nani?"

"Zako, mama. Zilikuwa tamu."

"Basi wewe ni kibarua wangu. Inuka!"

"Ehee! Na pondu ulikula ya nani?"

"Yako."

"Basi na wewe ni kibarua yangu!"

"Si ndiyo nasema? Twende!"

Hakuna aliyekuwa hajala cha mwenzake. Wakainuka wote. Sinia la biriani likawa toroli, sufuria zikabeba matofali, miko ikachimba. Mimi na Papa Kabeya tulibeba magodoro ishirini kwa mkupuo, au pengine matatu.

Saa kumi Meneja akafika, akakuta akina mama wanapita na sufuria za matope. Akazunguka kiwanja kizima. Hapakuwa na cha kulalamikia, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamka kwenye nyumba ya jirani.

"Mkubwa hapa ni nani?"

Mratibu akanionyesha mimi. Mimi nikamwonyesha Mama Njeri. Mama Njeri alikuwa amepiga magoti, anavunja bonge la udongo kwa mwiko wa ugali, hakugeuka. Meneja akatikisa kichwa. "Limeni," akasema, akaondoka.

Sasa nimestaafu, na Mratibu amerudi kwenye vinamasi vyake. Mkitaka hekima ya miaka yote ile, nitawaambia mboji inataka hewa. Kuhusu watu, bado nawaza. Juzi nilipita Weston, nikainama kuchuma jani moja la sukuma. Dada mmoja mwenye lafudhi ya Mombasa akanisimamisha.

"Shikamoo mzee. Lakini hizo hazichumwi ovyo, zina mwenyewe."

"Marahaba. Mwenyewe ni nani?"

Akatazama juu, baraza kwa baraza, mpaka ghorofa ya mwisho.

"Mie nimehamia mwezi uliopita tu," akasema taratibu. "Nimeambiwa ni mimi."

Nikamwomba ruhusa. Akanichumia fungu zima.